Tuzo ya Wataalamu wa Kinga, Tumpe Nani?



Jumamosi iliyopita nilikwenda soko la ndizi la Mabibo kutafuta mikungu miwili kwa ajili ya shughuli ya nyumbani. Ilikuwa asubuhi, malori ya Tukuyu na Moshi yakiwa bado yanashusha, matope ya mvua ya usiku yamefika kwenye vifundo vya miguu, na makuli wakipita na mikungu mabegani huku wakitupigia kelele tukae kando. Karibu na njia ya kutokea alisimama kijana mmoja aliyevaa koti jeupe kama la daktari, kipaza sauti mkononi, mbele yake meza yenye pakiti za unga wa kijani. Unga huo, kwa maneno yake, unaongeza kinga. Pakiti moja shilingi elfu tatu, ukichukua mbili elfu tano. Akayataja magonjwa yanayokimbia kinga ikishaongezeka: malaria, kifua kikuu, kisukari, presha, vidonda vya tumbo, na mengine ambayo si vizuri kuyataja wakati huu watu wako mezani.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza, "Kaka, na mtoto mdogo naye anaweza kutumia?"

"Mama yangu, kinga ni kinga," akajibu yule kijana. "Haina mkubwa wala mdogo."

Mama akafungua pindo la khanga, akatoa elfu tatu.

Nikamgeukia mzee aliyekuwa ananiuzia ndizi. Nikamwuliza, "Mzee wangu, hapa nchini kuna mtu unayemfahamu ambaye kazi yake ni kuchunguza kinga ya mwili?" Mzee akafikiri kidogo, akasema, "Babu wa Loliondo." Kisha akaongeza kwa huzuni ya kweli, "Lakini naye marehemu sasa."

Waliokuwa karibu walicheka. Mimi nilicheka pia, lakini njiani, mikungu yangu ikiwa juu ya mkokoteni, nikaanza kuona kwamba mzee alijibu kwa haki kabisa. Alitaja jina ambalo taifa lilimfundisha kulitaja. Mwaka 2011 magari yalijipanga kwa kilometa nyingi kwenda kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha shilingi 500. Vigogo walikwenda, wengine kwa helikopta. Magazeti yaliandika kila siku, na redio zetu zilitangaza kila siku. Basi mzee wa Mabibo atamjua nani mwingine?

Mwaka huo huo wa 2011, ndugu wasikilizaji, Bagamoyo na Korogwe kulikuwa na watoto waliokuwa wakipimwa joto na kutolewa damu kidogo kidogo katika jaribio la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Jaribio hilo la hatua ya tatu lilianzia Bagamoyo mwezi Mei 2009. Likaenea katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, likawa na watoto zaidi ya elfu kumi na tano. Bagamoyo lilisimamiwa na Taasisi ya Afya ya Ifakara chini ya Dk. Salim Abdulla, na Korogwe na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, chini ya Dk. John Lusingu. Oktoba 2011 matokeo ya kwanza yakatoka: kwa watoto wa miezi mitano hadi 17, malaria ilipungua kwa karibu nusu katika mwaka wa kwanza. Hapakuwa na foleni ya magari kwenda Bagamoyo. Lakini tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliposimama na kusema kwamba kwa mara ya kwanza mwanadamu ana chanjo ya malaria inayopendekezwa kwa watoto, chanjo yenyewe ilikuwa ni ile ile.

Mada yangu ya leo ni tuzo. Zipo nchi zenye tuzo za kitaifa kwa ajili ya wanasayansi wa kinga ya mwili, elimu ambayo wataalamu wanaiita imunolojia. Sisi hatujawahi kuwa nayo ya fani hiyo peke yake. Nataka tujiulize kama tunaihitaji, na kama tunaihitaji, tumpe nani.

Kwanza nisaidie wale wanaodhani hayo ni mambo ya Wazungu. Neno kinga sisi tunalijua kuliko mataifa mengi. Ugonjwa ule ulipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, watu waliuita Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikitoka Uganda. Baadaye ukapewa jina rasmi, Upungufu wa Kinga Mwilini, kwa kifupi UKIMWI. Tazama jina hilo. Ndani yake mna somo zima. Bibi wa Muleba ambaye hakuwahi kukaa darasani alijua kwamba mwili una ulinzi wake, na kwamba ulinzi ukivunjwa hata kikohozi kidogo kinaua. Baadaye tukajifunza kuhesabu CD4. Nimewahi kumsikia kondakta wa daladala ya Mabibo akimweleza mwenzake kwamba fulani "CD4 zimepanda, sasa anakula hadi mawe". CD4 ni chembe za damu zinazotoa amri katika jeshi la kinga, na kondakta yule alilieleza vizuri kuliko vitabu. Elimu hiyo tumeilipia kwa makaburi, kwa hiyo ni yetu.

Na hapo hapo Mabibo, si mbali na soko, NIMR ina kituo chake cha utafiti wa tiba asili. Ni mahali ambapo mizizi na majani ya waganga wetu yanatakiwa kupimwa, kujulikana yana nini ndani, yanadhuru kiasi gani na yanasaidia nini. Mwaka 2020, wakati wa korona, taasisi hiyo ilitoa dawa iliyoitwa NIMRCAF, na watu wakaitafuta kila kona. Sitaki kuingia katika ubishi wa dawa ile. Ninachosema ni kwamba mtu akitamka "inaongeza kinga" ametamka jambo linalopimika. Damu inachukuliwa kabla na baada, chembe zinahesabiwa, kingamwili zinapimwa, waliokunywa wanalinganishwa na wasiokunywa. Yule kijana wa koti jeupe sokoni hana haja ya kufanya hivyo kwa sababu hakuna anayemdai. Mwenye maabara anadaiwa, na akishindwa kulipa deni hilo hapati cheti.

Sasa twende kwenye tuzo.

Wajerumani wana tuzo yenye jina la Paul Ehrlich, mmoja wa waanzilishi wa elimu ya kinga, aliyepata Nobel mwaka 1908. Hutolewa kule Frankfurt tangu mwaka 1952, siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 14 Machi. Kabla ya kuingia kwa sarafu ya euro, sura ya huyo Ehrlich ilikuwa kwenye noti ya mark 200. Hebu toeni noti mfukoni, mlio nazo. Elfu moja ina Mwalimu, na ni haki yake. Elfu mbili ina simba, elfu tano kifaru, elfu kumi tembo. Sina ugomvi na wanyama wetu, wanaleta fedha za kigeni. Lakini mtoto wa shule ya Mabibo akiniuliza mwanasayansi wa Kitanzania anafananaje, sina noti ya kumwonyesha.

Wajerumani hao hao wana tuzo nyingine yenye jina la Robert Koch. Huyo mwacheni, twamjua, alipita hapa. Mwaka 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam akichunguza malaria, na alirudi tena Afrika Mashariki baadaye kwa ajili ya malale. Damu aliyokuwa akiitazama katika hadubini yake ilikuwa na wenyewe. Wenye damu hawakuandikwa majina. Nobel ikaja mwaka 1905 kwa kazi yake ya kifua kikuu, na leo jina lake liko juu ya tuzo na taasisi. Sisemi kwamba alituibia. Nasema tu kwamba huo ndio mpangilio tuliouzoea tangu zamani: damu inatoka kwetu, jina linabaki kwao.

Mkidhani ni mambo ya kale, chukueni Muheza. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walifuatilia mama wajawazito na watoto wao katika wilaya ile ya Tanga yenye malaria nyingi. Wakaona jambo ambalo kila mama wa Tanga analijua: watoto wawili wa mtaa mmoja, wanaumwa na mbu wale wale, mmoja anaugua kila mwezi na mwingine anacheza tu. Damu ya watoto wenye kinga ikalinganishwa na ya wasio nayo. Kwa njia hiyo maabara moja ya Marekani, huko Providence, ikagundua kingamwili zinazoweza kumzuia kijidudu cha malaria asitoke ndani ya chembe nyekundu ya damu aliyojificha. Ugunduzi huo ulichapishwa mwaka 2014 katika jarida kubwa la Science. Mwaka 2020 ukatoka mwingine katika Nature, nao kutokana na damu ya watoto wa Kitanzania. Watanzania waliofanya kazi hiyo wamo katika orodha ya waandishi, tena wanastahili. Lakini nani kati yetu aliyesikia siku ile kwamba watoto wa Muheza wameuonyesha ulimwengu kitu?

Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, tunakaa naye kibarazani jioni kunywa kahawa. Nilipomweleza habari hii ya tuzo hakufurahi.

"Mwenzangu," akasema, "zahanati haina panadoli, wewe unazungumza habari za kuwavisha watu medali. Tuzo haitibu mtoto."

Nikamwambia, "Mwalimu, wewe ulikuwa unatoa zawadi shuleni kwako kila mwisho wa mwaka. Zawadi ilikuwa daftari na kalamu. Ilisomesha nani?"

"Ilisomesha waliokosa," akajibu upesi, kisha akanyamaza, kwa sababu aliona amenisaidia mimi badala ya yeye.

Hoja yake hata hivyo ina uzito, na sitaki kuikimbia. Tumezoea tuzo za ngao na bahasha. Mgeni rasmi anachelewa saa mbili, ngoma zinapigwa, picha zinapigwa, mshindi anarudi maabara anakuta umeme umekatika na friji yenye sampuli inatoa jasho. Mradi wa wafadhili ukimalizika, kijana aliyekuwa akihesabu chembe za damu kwa miaka mitano anatafuta kazi ya kuuza dawa za kampuni. Mwaka 2007, mjini Addis Ababa, wakuu wa nchi za Afrika walihimizana kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Wengi wetu bado tunaisubiri hiyo asilimia 1. Na Marekani ilipoifunga USAID mwaka 2025, tuliona jinsi kazi ya chanjo inavyoweza kusimama katika bara zima kwa saini ya mtu mmoja aliye mbali. Tuzo bila maabara ni kumpa mtu saa ya dhahabu asiye na chakula. Hapo nakubaliana na mwalimu.

Serikali nayo haikulala kabisa, tuseme ukweli. NIMR iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kwa sheria ya mwaka 1986. Mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, yalianza mwaka 2019. Mwaka 2022 Wizara ya Elimu ikatangaza shilingi milioni 50 kwa mhadhiri wa chuo atakayechapisha utafiti wake katika jarida la kimataifa la hadhi ya juu. Milioni 50 si haba. Wahadhiri niliokutana nao walianza kutembea kwa kasi.

Lakini angalieni rula inayotumika kupimia. Rula ni jarida la London au New York. Likikubali, umeshinda, likikataa, hukufanya kitu. Mimi sikatai majarida hayo, maana ndiyo yanayochuja unga wa kijani. Ila yana upofu wake. Jarida linaangalia kipya. Halimwoni mtaalamu wa maabara aliyekesha na jenereta ili sampuli za watoto zisiharibike, na kama limemwandika, ni jina la 14 katika orodha ya watu 30. Na halipendi sana habari ya kilichoshindikana.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana ndipo penye utamu.

Mwaka 2016 hapa hapa Dar es Salaam wataalamu wa Muhimbili pamoja na wenzao wa chuo cha Dartmouth cha Marekani walianza kujaribu chanjo ya kifua kikuu iitwayo DAR-901. Walioshiriki walikuwa vijana 667, wa umri wa miaka 13 hadi 15, wote wakiwa walichanjwa BCG utotoni. Chanjo hiyo ilikuwa na baba yake. Kabla yake, kuanzia mwaka 2001, jaribio lililoitwa DarDar lilikuwa limeandikisha watu 2,013 wanaoishi na virusi vya UKIMWI hapa jijini, na waliopata chanjo walipata kifua kikuu kilichothibitishwa pungufu kwa asilimia 39. Kwa hiyo matumaini ya DAR-901 yalikuwa makubwa. Mwaka 2020 jibu likatoka, likaandikwa na Dk. Patricia Munseri na wenzake bila kupaka rangi: chanjo haikuwazuia vijana kuambukizwa. Basi.

Hebu fikirieni ujasiri wa kuandika sentensi hiyo. Miaka minne, mamia ya watoto wa watu, fedha za wafadhili, jina la jiji letu katika jina la chanjo, halafu unasema haikufanya kazi. Yule kijana wa sokoni hatasema sentensi hiyo maisha yake yote. Ningekuwa mimi ni mwamuzi wa tuzo, mwaka mmoja ningeipeleka hapo.

Au chukueni askari polisi wetu. Tunawasema sana polisi, barabarani hasa, na mimi ni mmoja wa wasemaji. Lakini mwaka 2007 Muhimbili ilipoanza jaribio la chanjo ya virusi vya UKIMWI lililojulikana kama HIVIS, waliojitolea mikono yao walitoka katika Jeshi la Polisi la Dar es Salaam. Walikuwa 60. Profesa Muhammad Bakari na wenzake walitaka kujua mambo mawili: je, chanjo ni salama, na je, kinga ya mwili inaitikia? Iliitikia vizuri sana, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Chanjo ya UKIMWI bado haijapatikana hadi leo. Jaribio moja kubwa zaidi lililofuata, la PrEPVacc lililohusisha Mbeya, Dar es Salaam, Uganda na Afrika Kusini, lilikatiza uchomaji wa chanjo mwishoni mwa mwaka 2023 kwa sababu ilionekana haitazuia maambukizo.

Watafiti waliozungumza na wale askari baadaye waliandika waliyopambana nayo nyumbani. Ndugu walihofu kwamba wanapandikizwa virusi. Wachumba na wake walisitasita. Wenzao kazini waliwatania. Askari aliyekuwa tayari kukabiliana na jambazi mwenye bunduki alilazimika kumweleza mama yake kwamba hajapewa ugonjwa. Huo nao ni utumishi wa taifa, na hauna nishani.

Kuna aina nyingine ya kumheshimu mwanasayansi ambayo haihitaji bajeti. Ni kumwachia aseme alichokiona. Tunakumbuka Mei 2020, habari za papai na mbuzi waliosemekana kuwa na korona, na viongozi wa maabara ya taifa wakasimamishwa kazi. Takwimu za wagonjwa tulikuwa tumeshaacha kuzisikia tangu mwisho wa Aprili. Ilichukua hadi Julai 2021 ndipo Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani, nasi tukarudi katika mazungumzo ya kawaida ya kinga na chanjo. Sitafukua zaidi. Nasema tu kwamba kijana aliyekuwa mwaka wa pili wa masomo ya maabara wakati ule aliona, akaweka moyoni. Tuzo itakayotolewa nchini lazima ianzie hapo: mshindi awe na uhakika kwamba mwaka utakaofuata anaweza kuleta jibu lisilopendeza na bado akasalimiwa.

Dada yetu wa Kenya, Profesa Faith Osier, ni mfano wa upande mwingine. Alijifunza utabibu, akafanya kazi Kilifi, akatekwa na swali lile lile la Muheza: mtu mzima wa Pwani aliyeumwa na mbu maisha yake yote ana nini katika damu yake ambacho mtoto hana? Kinga hiyo ipo, ingawa si kamili, na ukikaa Ulaya miaka kadhaa inapungua, ndiyo maana jamaa zetu wakirudi likizo wanalazwa. Kwa kazi hiyo Osier alipewa tuzo na Royal Society ya Uingereza mwaka 2014, Wajerumani wakampa nyingine mwaka 2016 na kumfungulia kikundi cha utafiti Heidelberg, na mwaka 2019 akawa rais wa muungano wa vyama vya imunolojia vya dunia nzima, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Baadaye akaenda Imperial College, London. Mnaona mwelekeo wa safari yake. Kila tuzo ni tiketi, na kila tiketi inaelekea kaskazini. Simlaumu hata chembe. Anayekuita ndiye unayemwitikia.

Kwa hiyo mimi nasema tuwe na tuzo yetu, lakini isiwe ya ngao. Iwe maabara na mshahara wa miaka mitano, kwa mtu na kikundi chake, akiwemo mwosha vyupa. Kazi iwe imefanyika hapa, na sampuli ziwe zimebaki hapa kadiri ilivyowezekana. Na liwepo sharti moja ambalo najua wakubwa watalicheka: kabla ya kupokea, mshindi arudi katika kijiji au mtaa alikochukua damu, akae chini na wenyewe, awasomee matokeo kwa Kiswahili, na waruhusiwe kumwuliza. Kama kazi ni ya mitishamba, aje pale soko la Mabibo, asimame karibu na yule mwenye koti jeupe, akina mama wasikie sauti mbili badala ya moja.

Mwalimu jirani yangu aliniuliza, "Na utaiitaje?" Nilikuwa nimeshalifikiria hilo. Wengi wangependekeza jina la mtu mkubwa, na wapo wanaostahili. Profesa Wen Kilama, kwa mfano, mkurugenzi mkuu wa kwanza wa NIMR, ndiye aliyesimamisha mwaka 1995 mtandao wa Afrika wa kujaribu chanjo za malaria. Hata hivyo mimi ningeiita Idete.

Idete ni kijiji katika bonde la Kilombero, si mbali sana na Ifakara, ambako Mswisi Rudolf Geigy alifungua maabara ndogo mwaka 1957, na maabara hiyo ndiyo iliyokuja kuwa taasisi tunayoijua leo. Mwaka 1993 watoto 586 wa huko, wa mwaka mmoja hadi mitano, waliingia katika jaribio la chanjo iliyoitwa SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Colombia. Nusu walipewa chanjo, nusu sindano isiyo na chanjo, na mama zao hawakujua nani kapewa nini. Ilikuwa mara ya kwanza chanjo ya malaria kujaribiwa kwa namna hiyo katika sehemu ya Afrika yenye malaria kali kiasi kile. Matokeo ya 1994 yalionyesha malaria imepungua kwa asilimia 31. Dunia ikafurahi. Kisha Gambia na Thailand zikajaribu, hazikuona kitu, na SPf66 ikawekwa kando. Lakini Bagamoyo isingekuwepo bila Idete. Pale ndipo Watanzania walipojifunza jinsi ya kumweleza mama, kuomba ridhaa yake, kuhesabu homa kijiji kizima na kutunza daftari lisilodanganya. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza chanjo ya pili ya malaria, R21, kati ya watoto 4,800 waliojaribiwa walikuwamo wa Bagamoyo, chini ya Dk. Ally Olotu wa Ifakara. Katika vituo vya aina hiyo, ambako mbu hawana msimu, iliwakinga kwa asilimia 68 katika mwaka wa kwanza.

Wale watoto 586 sasa ni watu wa miaka thelathini na kitu. Wengine bila shaka wanalima mpunga huko huko, wengine wako hapa mjini wanaendesha bodaboda, na huenda mmoja wao ndiye aliyenibebea mikungu yangu Jumamosi. Wana watoto wao. Hawajawahi kuitwa pamoja wakaambiwa asante. Siku tuzo hiyo itakapotolewa mara ya kwanza, naomba mgeni rasmi awe mmoja wao, na asimame yeye akabidhi, na waziri akae mstari wa pili.

Kwa leo naishia hapo.